Wodi Iliyofunguliwa kwa Mdomo

Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini mawingu yalibaki chini, meusi kama sufuria isiyosuguliwa, na upepo ulikuwa ukiyachukua matone ya majanini na kuyarusha dirishani. Waziri wa Afya wa jimbo alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, viwiko juu ya shuka. Alikuwa amefika mahali pa kuwaombea wagonjwa simu ilipolia sebuleni. Ikanyamaza, ikalia tena. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akaingia nayo, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mkia.

"Mama watoto, samahani. Ni Dada Mkubwa. Anasema akikata hatapiga tena."

"Mwambie niko na Mungu."

"Nimemwambia. Anasema Mungu ndiye aliyemtuma."

Dada Mkubwa hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa muuguzi mkongwe aliyemfundisha Waziri kazi ya ukunga miaka ishirini na sita iliyopita, na bado alikuwa kazini, kwenye kituo kimoja cha afya mbali na makao ya jimbo. Alikuwa mmoja wa watu watatu duniani ambao Waziri aliwaogopa. Akasimama, akaipokea simu.

"Mheshimiwa," Dada Mkubwa alisema, na neno lile lilitoka mdomoni mwake kama ganda la muwa. "Kumbe siku hizi unafungua wodi kwa mdomo?"

"Shikamoo, Dada. Wodi gani?"

"Marahaba. Hii ya kwangu. Uliyosema Alhamisi kwamba kina mama wanajifungua humo. Jana mchana binti mmoja, mimba ya kwanza, amekuja kujifungua humo. Alikuwa ameshafunga mzigo aende kwa shangazi yake karibu na hospitali ya wilaya, angoje siku zake. Akakusikia redioni. Akafungua mzigo, akabaki nyumbani. Uchungu ulipomshika wakamleta hapa. Chumba cha zamani cha kujifungulia walikivunja kupisha jengo lako jipya, na jengo lako jipya lina kufuli. Amejifungulia barazani, Mama Zamu. Mlango wako ukiwa nyuma ya kisogo chake."

Waziri alikaa kitandani. "Mtoto?"

"Alitoka kimya. Nimehangaika naye mpaka mikono ikafa ganzi. Akalia."

"Na mama?"

"Ametokwa na damu nyingi. Yu hai. Mungu ni mwema, lakini hakuahidi kwamba kila siku atapita nyuma yako na fagio."

Simu ikakatwa.

Jina la Mama Zamu Waziri alilipata wodini. Kwa miaka kumi na tisa ya ukunga hakuwahi kukosa zamu, hata siku moja, na aliyekuwa na udhuru alijua mlango wa kugonga. Mwaka glavu zilipokosekana, wauguzi wenzake walimtuma akaseme kwa niaba yao, naye akasema mpaka glavu zikaja. Wakamwambia agombee ujumbe wa Baraza la jimbo. Mara ya kwanza alishindwa kwa kura sitini na moja. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa wodini na aproni yake, watu wakadhani hajasikia matokeo. Mara ya pili akashinda. Alikaa viti vya nyuma miaka sita, akiuliza maswali ya vyoo vya zahanati na mashuka ya hospitali, hadi wenzake wakamwita waziri wa nepi. Alicheka nao. Kisha Mkuu wa Serikali ya jimbo akamteua kweli kuwa waziri, na huu ulikuwa mwezi wake wa kumi na nne.

Swali la Alhamisi lilitoka upande wa wapinzani, kwa mjumbe waliyemwita Nyundo. Kabla ya siasa alikuwa dalali wa mnada, na sauti yake haikuwahi kujua kwamba mnada umekwisha. Aliuliza kama ile wodi imekamilika. Wizara ilikuwa imeandaa jibu: imekamilika. Waliloandika halikuwa uongo kwa desturi ya wizara. Pale wizarani, siku mkandarasi anapokabidhi ufunguo, jengo linahesabiwa kukamilika. Maji yana jalada lake, umeme jalada lake, watumishi jalada lao, na majalada hayo hayajuani. Mama Zamu aliijua desturi ile vizuri. Alipokuwa viti vya nyuma ndiye aliyekuwa akiicheka. Lakini kiti cha mbele ni kilaini, na asubuhi ile alisoma jibu kama lilivyoandikwa.

Nyundo akasimama kwa swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, sitaki habari za matofali. Wanawake wanajifungua humo, ndiyo au siyo? Au Waziri tangu apate gari amesahau watoto wanatoka wapi?"

Baraza zima lilicheka, hata upande wake. Hapo ndipo hasira zilipompanda. Akaiweka karatasi mezani.

"Mheshimiwa Spika, wanajifungua humo. Nami nilizalisha watoto elfu mbili wakati Mheshimiwa akiuza vitanda vya watu kwa kelele. Najua wodi ni nini."

Wajumbe wakagonga meza mpaka glasi zikatikisika. Redio ikalirudia jibu lile siku tatu. Sasa, akiwa amekaa kitandani na simu iliyokufa mkononi, alijua jambo moja lisilokwepeka: karatasi haikusema vile. Alisema yeye.

"Unakwenda?" mumewe aliuliza.

"Nakwenda."

"Ofisini au kule?"

"Kule kwanza."

Ilikuwa mwendo wa saa mbili. Dada Mkubwa alimpokea getini, mrefu, mkavu, saa yake imebandikwa kifuani kama zamani. Hakumkumbatia. Alitoa ufunguo mfukoni, akaenda naye moja kwa moja hadi kwenye jengo jipya, akafungua.

Ndani kulinuka rangi. Vitanda vitatu vya kujifungulia vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Sinki lilikuwepo, zuri, limefungwa ukutani; Mama Zamu alipoinama chini yake hakukuta bomba, alikuta tundu. Akabonyeza swichi. Akaibonyeza tena, ingawa alijua.

"Usiionee bure," Dada Mkubwa alisema. "Hata ukiibonyeza kwa king'ora cha uwaziri, umeme haujafika ukutani."

"Maji yako wapi?"

"Barabarani. Mita mia tatu. Ombi la kuyaleta lilitoka hapa Januari. Mganga mkuu wa wilaya alilipeleka wizarani kwako kwa mkono wake, akapigiwa muhuri wa kupokelewa. Nimeuona. Na aliandika wazi kabisa: jengo lipo, huduma hakuna."

"Sikuliona hilo jalada."

"Hukuliulizia."

Wakaenda kwenye chumba cha kufungia vidonda, ambako yule binti alikuwa amelazwa kwa muda. Alikuwa mweupe midomoni, dripu mkononi, na ubavuni mwake kichanga kilicholala na ngumi mbili zimekunjwa kama mtu aliyekuja kudai haki. Mkwe wake, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko.

"Ndiye huyu waziri?" mkwe aliuliza. "Mbona mfupi hivi? Redioni alikuwa mrefu."

"Mama, jamani," binti alinong'ona.

"Nisemeje? Nimeona nilichoona. Mjukuu wangu amezaliwa barazani kama paka, na mlango uko pale, umepakwa rangi ya bluu."

Mama Zamu alisogea, akamshika binti kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa mazoea ya zamani. Binti akamtazama usoni, na badala ya kulaumu alitabasamu.

"Nilikusikia," alisema. "Uliposema wewe ni mkunga nilimwambia mume wangu, huyu hawezi kutudanganya, huyu anajua."

Hilo lilimwingia kuliko yote ya mkwe. Angalitukanwa, angalijua la kujibu. Aliendelea kukishika kile kifundo mpaka Dada Mkubwa akamgusa begani, akamwambia mapigo ya mtu hayahesabiwi robo saa.

Nje, karibu na gari, Dada Mkubwa alimuuliza, "Sasa utafanyaje?"

"Nitasimama kwenye Baraza nilisahihishe jibu langu."

"Lini?"

"Kesho."

"Basi nitakuja nisikie kwa masikio yangu. Redio nimekoma."

Aliporudi ofisini saa tisa alimkuta mnadhimu wa chama akimngoja, amekaa kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu. Mnadhimu ndiye anayechunga kura na midomo ya wajumbe wa chama. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vinavyong'aa, na watu waliokwisha kutolewa kwenye nafasi zao walisema hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mama Zamu, pole na safari. Habari zimetufikia kabla ya waandishi wa habari, tushukuru." Akatoa barua kwenye bahasha na kuiweka juu ya meza, akaigeuza ili isomeke. "Saini tu hapo chini."

Ilikuwa barua ya kumsimamisha kazi mganga mkuu wa wilaya kwa kumpotosha Waziri.

"Hakunipotosha," Mama Zamu alisema. "Aliandika huduma hakuna. Barua yake iko humu ndani, nimeisikia nikiwa njiani, katibu wangu amenisomea kwa simu."

"Hakuna anayesema ni mwongo. Tunasema taarifa kutoka wilayani haikukamilika. Miezi mitatu ya kupumzika nyumbani, kisha tutamrudisha sehemu nyingine. Hafi."

"Ana watoto watatu, na jina."

"Na wewe una jina. Jumatatu Mkuu anapanga upya baraza lake la mawaziri. Jina lako liko juu, Mama. Juu sana. Ukisimama kesho ukasema ulidanganya, Nyundo atakupigia mnada mbele ya watu, na Jumatatu hakuna atakayekunyanyua."

"Lakini nilisema wanajifungua humo. Hilo halikuandikwa na daktari wala na mtu yeyote. Liko kwenye kumbukumbu rasmi."

"Kumbukumbu rasmi husomwa na mende."

Alicheka kidogo. Alipoona Mama Zamu hacheki, akainamia meza. "Sikiliza, dada yangu. Siasa si leba. Huku ukisukuma kabla ya wakati unajichana mwenyewe."

"Na ukichelewa kusukuma mtoto anafia njiani. Hilo nalijua vizuri kuliko wewe. Nipe saa moja."

Mnadhimu alitoka, akaiacha barua. Mama Zamu akafunga mlango, akapiga magoti kati ya meza na kabati la majalada, mahali penye zulia lililochakaa kwa magoti yake.

Hakuomba kwa ufasaha. Kwanza aliomba apewe njia ya katikati, na akiiomba tu akaona haya, kwa sababu alijua njia ile ingepita juu ya mgongo wa mtu mwingine. Akamwambia Mungu kwamba anakipenda kiti hiki. Akamwambia amekifanyia kazi, kwamba angeweza kufanya mema mengi zaidi akibaki, na tena, watu wangapi wanasema uongo mdogo kama huu na kuishi? Akasikia maneno yake mwenyewe, yamepangwa vizuri kama jibu la wizara. Akanyamaza. Akaliegemeza paji la uso kwenye mbao za kabati. Hakusikia sauti yoyote. Kilichomjia kilikuwa aibu tupu, nayo akaipokea kama jibu, kwa kuwa hakuwa na lingine.

Alipoinuka magoti yalilia. Akaikunja barua bila kuisaini, akairudisha ndani ya bahasha. Kisha akampigia mganga mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa ameshapata fununu. "Nenda kazini kesho kama kawaida," alimwambia. "Kosa ni langu, na nitalisema kwa jina langu."

Simu ya pili ilikwenda kwa mkurugenzi wa mamlaka ya maji.

"Mheshimiwa, hilo tunalishughulikia. Hivi karibuni tu."

"Hivi karibuni ni tarehe ngapi?"

"Eh, Mheshimiwa, mchakato unaendelea..."

"Mwanangu, nimekaa na wanawake wenye uchungu miaka kumi na tisa. Ukimwambia mwanamke hivi karibuni anakupiga teke. Mabomba unayo?"

"Mabomba yapo stoo."

"Mafundi?"

"Wapo, ila..."

"Mita mia tatu, mtachimba siku ngapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo ya mtu anayeng'olewa jino, "Kumi na mbili, Mheshimiwa. Mvua ikinyesha, ishirini."

"Sasa tunaongea."

Ndivyo alivyoendelea mpaka jioni: umeme, kisha wakunga wawili wa kuhamishwa, kisha dawa za kuzuia damu na mashine ya kumsaidia kichanga kupumua. Kila aliyemwambia hivi karibuni alimuuliza tarehe, na kila tarehe aliyopewa aliongeza siku chache za uvivu wa binadamu. Mnadhimu aliporudi, alimkuta ameandika karatasi moja kwa mkono.

"Umesaini?"

Akampa bahasha. Mnadhimu aliichungulia, akaona pale chini pako wazi. Akaitia mfukoni.

"Nitasikitika kukukosa, Mama Zamu."

"Kesho nitakuwepo. Njoo usikilize."

Asubuhi ya Alhamisi ukumbi wa Baraza ulijaa, maana siri ya siasa haihitaji miguu. Kwenye roshani ya wageni, Dada Mkubwa alikuwa amekaa wima na sare yake nyeupe. Upande wake wa kulia alikuwa yule mkwe, aliyekataa kuachwa nyuma, na wa kushoto mume wa Mama Zamu, kofia magotini. Maswali yalipokwisha, Spika alimwita Waziri wa Afya kwa kauli yake.

Alisimama. Mkononi alikuwa na ile karatasi ya jana.

"Mheshimiwa Spika, Alhamisi iliyopita niliulizwa kama wanawake wanajifungua katika wodi mpya ya kituo kile. Nilijibu kwamba wanajifungua. Si kweli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujifungua humo. Hakuna maji, hakuna umeme, na mlango una kufuli. Hakuna mtumishi aliyeniandikia jibu lile. Mganga mkuu wa wilaya alieleza ukweli kwa maandishi tangu Januari, na barua yake naiweka mezani. Nililisema kwa kiburi, kwa sababu nilichekwa. Jumanne msichana mmoja aliyeniamini amejifungulia barazani, mbele ya mlango ule. Yeye na mwanawe wako hai kwa rehema za Mungu na mikono ya muuguzi aliyeketi pale juu. Naomba kumbukumbu zisahihishwe. Naomba radhi."

Hakuna aliyegonga meza. Mnadhimu alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha Nyundo akainuka, na kila mtu akajua mnada umefunguliwa.

"Mheshimiwa Spika! Tumeyasikia machozi. Radhi haina bomba! Yule msichana anywe radhi? Ajiuzulu leo, saa hii!"

"Ajiuzulu!" upande wake ukaitikia. "Ajiuzulu!"

"Au atuambie lini!" Nyundo alinguruma. "Lini, Mheshimiwa? Hivi karibuni?"

Kicheko kikapasuka. Spika akagonga rungu mara tatu. Kwenye Baraza lile kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, Daftari la Ahadi. Waziri akitaja tarehe ukumbini, karani huiandika humo pamoja na jina lake, na siku ikifika husomwa kwa sauti mbele ya wote, awe ametimiza au la. Ndiyo maana kwa miaka mitatu kitabu kile hakikuandikwa hata mstari. Mawaziri walijifunza kusema mchakato unaendelea, na karani alijifunza kusinzia.

"Mheshimiwa Waziri," Spika alisema polepole, "hulazimiki kujibu hilo. Unajua ukitaja tarehe hapa inaandikwa?"

"Najua, Mheshimiwa Spika. Naomba karani afungue kitabu."

Karani alilitafuta daftari chini ya meza, akalipangusa kwa mkono wa shati. Mnadhimu alikuwa ameinua uso, anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Mama Zamu alimwona. Akageuka, akawatazama watatu wale wa roshani. Mkwe alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, ameinama mbele.

"Sema basi, tukusikie!" mkwe alipaza sauti, na askari wa Baraza hakuthubutu kumgusa.

Mama Zamu akaweka karatasi chini, maana alichotaka kusema alikuwa anakijua kwa moyo.

"Mbele ya Baraza hili, na mbele ya mama yule pale juu ambaye mjukuu wake alizaliwa barazani, naahidi: Jumatano ya tarehe thelathini Aprili, saa mbili asubuhi, wodi ile itakuwa wazi, maji yanatoka, taa zinawaka, na wakunga wawili wako zamu. Mmoja wao nikiwa mimi, siku hiyo na wiki nzima itakayofuata, niwe waziri au nisiwe. Na siku hiyo kama mlango ule bado una kufuli, nitasimama mahali hapa nijiuzulu ujumbe wangu wa Baraza, si uwaziri tu, wala sitamtaja mtu mwingine yeyote kuwa sababu. Andika hivyo, karani, neno kwa neno, na jina langu ulitangulize."